Kinachomweka Mtu Mtaani Muda Mrefu

Ndugu Mwenyekiti, wazazi na walezi wetu, waajiri mliotupa Jumamosi yenu, na nyinyi vijana wa Morogoro ambao ndio mmetuita hapa: itifaki imezingatiwa, naomba niende moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie tatizo la ajira. Hilo ni pana mno, kwa hiyo nimejikatia kipande. Idadi ya wasio na kazi nawaachia wanasiasa, wao wanaipenda. Mimi nataka tuulizane juu ya muda. Mtu akishakosa kazi, anakaa mtaani miezi mingapi? Na kwa nini wawili waliokaa dawati moja, wakahitimu siku moja na matokeo yanayolingana, mmoja anaitwa kazini baada ya miezi mitatu na mwenzake anafikisha mwaka wa tano?

Chukueni mji ambao kila mwezi watu 1,000 wanaingia mtaani, ama wamehitimu ama wameachishwa kazi. Kama kila mmoja anakaa wastani wa miezi mitatu kabla ya kupata kazi, siku yoyote mtakayohesabu mtakuta watu 3,000 hawana kazi. Wakikaa wastani wa mwaka mzima, mtakuta 12,000. Waliohitimu ni wale wale, walioachishwa ni wale wale. Kilichobadilika ni urefu wa kukaa. Na dawa yake inabadilika pia. Mji wa kwanza watu wanapishana, huyu anaingia yule anatoka. Mji wa pili wameganda.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu hiyo linalowachanganya wazazi. Nenda leo kijiweni pale Msamvu, waulize vijana wamekaa muda gani bila kazi. Utasikia miaka miwili, mitatu, minne, na utaondoka ukiamini kwamba hakuna anayepata kitu. Lakini yule aliyekaa wiki sita akaondoka hukumkuta. Siku ya kuhesabu humnasa zaidi anayekaa muda mrefu, maana yeye ndiye yupo kila siku. Kwa hiyo mtaalamu wa takwimu anayesema wengi hupata shughuli mapema, na mama anayesema vijana wote anaowaona wamekaa miaka, wanaweza wote wawili kuwa wanasema kweli. Nawaomba tusigombane na yeyote kati yao.

Mwaka 2010 wachumi watatu, Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya jambo linaloonekana dogo: nafasi za kazi na watafuta kazi wanaweza kuwepo mji mmoja, wakati mmoja, wasikutane. Kukutana kuna gharama na kunakula muda. Ukilifuata wazo hilo, muda wa mtu kukaa bila kazi unategemea vitu viwili. Kwanza, ni nafasi ngapi zinamfikia kwa mwezi. Pili, ikimfikia moja, kuna uwezekano gani wa pande zote mbili kukubaliana, maana hata yeye anaweza kukataa. Juhudi za mtafutaji zimo humo, sikatai. Ila zimo pamoja na mengine mengi, na hayo mengine ndiyo nimekuja kuyasema, kwa sababu juhudi zimeshahubiriwa vya kutosha.

Tuanze na foleni ya serikali, kwa kuwa najua nusu ya waliokaa humu wana akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita watu kwenye usaili Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Waliofika walizidi 10,000, ikabidi usaili ufanyike Uwanja wa Taifa, watu wamekaa kwenye viti vya washabiki wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 135,000. Gawanyeni: ni watu wapatao 85 kwa kila kiti kimoja.

Sasa aliyekosa pale amejifunza nini kuhusu uwezo wake? Karibu hakuna. Mchujo unaochukua mmoja kati ya 85 lazima utawaacha nje watu wengi ambao wangeifanya kazi hiyo vizuri tu. Lakini anaporudi nyumbani anaulizwa, "Umefeli tena?" Jirani naye amesikia.

Kwa nini basi wanaendelea kusubiri? Husemwa wamebweteka. Mimi naona wanapiga hesabu. Ajira ya serikali ina mshahara wenye tarehe, ina bima ya afya, ina pensheni, na benki inakukopesha ukipeleka hati ya mshahara. Kazi utakayoipata kesho mjini inaweza isiwe na mkataba hata wa mdomo. Tofauti kati ya kazi iliyopo na kazi inayosubiriwa ikiwa kubwa kiasi hicho, mtu mwenye pa kulala na pa kula atasubiri. Na akisubiri, anaingia kwenye zile hesabu za muda mrefu.

Wakati mwingine kanuni zenyewe humwambia asubiri. Kenya, Tume ya Huduma za Walimu imewahi kuweka kwenye mwongozo wake wa kuajiri alama kwa miaka ambayo mwalimu amekaa tangu ahitimu. Kwa jicho la haki, sina ugomvi nayo: aliyetangulia kumaliza atangulie kuajiriwa. Lakini isikilizeni inavyosikika masikioni mwa mwalimu aliyefikisha mwaka wa tatu. Inamwambia alama zako zinapanda, usitoke kwenye mstari. Anaweza kujishikiza shule binafsi, ndiyo, ila kubadili fani atafikiria mara mbili, maana miaka aliyosubiri imekuwa mali. Hapa kwetu mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulitakiwa. Lakini waliomaliza chuo miaka ile walikuta mlango umefungwa bila kosa lao, na wakati wanasubiri ufunguliwe, kila mwaka vyuo vikawaongezea wenzao nyuma yao.

Mwaka unaomaliza nao ni bahati. Utafiti wa Kanada uliowafuatilia wahitimu wa vyuo waliotoka wakati uchumi umedorora ulikuta wanalipwa pungufu ya wenzao kwa karibu miaka kumi. Vijana walikuwa wale wale, na vyuo vile vile.

Halafu kuna muda wenyewe. Hapa naomba mnisikilize taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi, pamoja na waajiri wangu hawa wa mstari wa mbele, wanapokosea.

Imeonekana nchi nyingi kwamba aliyekaa mwaka bila kazi ana nafasi ndogo ya kupata kazi mwezi ujao kuliko aliyekaa mwezi mmoja. Maelezo yanaweza kuwa mawili. Inawezekana wanaotoka mapema ni wale wenye fani inayotafutwa, au wenye mjomba mahali, na wanaobaki walikuwa na safari ngumu tangu siku ya kwanza. Au inawezekana muda wenyewe unaharibu: ujuzi unafifia, moyo unachoka, na mwajiri anaanza kushuku. Kwa kutazama tu huwezi kuyatenganisha.

Marekani, watafiti Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo waliyatenganisha kwa njia ya kijanja. Walitunga wasifu wa waombaji ambao hawapo, wapatao 12,000, wakautuma kwenye matangazo ya kazi karibu 3,000 katika miji mikubwa 100. Kwa wale waliowaandika kuwa hawana kazi, miezi ya kukaa bila kazi ilipangwa kwa bahati nasibu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Kadiri miezi ilivyoongezeka, simu za kuitwa kwenye usaili zilipungua, na sehemu kubwa ya kupungua huko ilikuwa ndani ya miezi minane ya kwanza. Hao ni watu wa karatasi. Hawakuchoka, hawakusahau kazi. Kilichowapunguzia simu ni macho ya mwajiri tu.

Lakini kuna kipande cha pili ambacho husahaulika. Adhabu hiyo ilikuwa kali kwenye miji yenye kazi nyingi, na nyepesi kwenye miji yenye ukame wa kazi. Ina mantiki yake. Ukifika sokoni jioni siku yenye wateja tele ukakuta fungu moja la nyanya limebaki, utashuku. Ukifika siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri na hakuna aliyetoka nyumbani, mafungu yote yapo, na kubaki kwake hakukwambii chochote juu ya nyanya.

Ndugu zangu waajiri, kwenye soko la ajira la Morogoro mvua imenyesha mfululizo. Mkiona pengo la miaka mitatu kwenye CV ya mhitimu wa Tanzania, hamna msingi wa kusoma uvivu pale. Nimekaa upande wa meza ya wasaili, najua lile swali lenu, "Hii miaka yote ulikuwa unafanya nini?", na najua linavyoulizwa kwa sauti ya hakimu. Wengi walikuwa wakiuza mitumba, wakifundisha twisheni, wakimuuguza mzazi, wakilima mpunga Kilombero. Hawaandiki kwenye CV kwa sababu wameambiwa hizo si kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Mimi naamini kinachorefusha kukaa mtaani kuliko tunavyokiri ni kwamba mgeni mwenye kazi mkononi hana njia rahisi ya kujua unaweza kufanya nini. Cheti kinamwambia umesoma. Hakimwambii kama unafika saa mbili, kama ukipewa fedha ya ofisi unaleta risiti, kama unaweza kuandika barua kwa mteja bila kusimamiwa. Asipojua, atafanya mambo mawili: atamchukua anayemjua, au ataandika kwenye tangazo "uzoefu usiopungua miaka mitatu". Sharti hilo la miaka mitatu kwa kazi ya mtu wa kuanza ni uvivu wa mwajiri wa kuchunguza, nalisema kwa heshima zote.

Hilo limepimwa, na limepimwa Afrika hii hii.

Addis Ababa matangazo ya kazi kwa muda mrefu yamekuwa yakibandikwa kwenye mbao katikati ya mji, na kijana wa pembezoni lazima apande basi kwenda kuyasoma. Watafiti waliwagawa vijana kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa nauli, wengine wakapewa semina fupi ya jinsi ya kuomba kazi, pamoja na mitihani ya ujuzi wa jumla iliyotoa cheti cha kumwonyesha mwajiri. Mwanzoni yote mawili yaliwasaidia kupata kazi zilizo bora kidogo, zenye mkataba. Waliporudi baada ya miaka minne, athari ya nauli ilikuwa imeyeyuka. Wale wa semina na vyeti walikuwa bado wanapata kipato cha juu kuliko wenzao. Nauli ilitumika ikaisha, ila ushahidi wa uwezo wao walibaki nao.

Afrika Kusini, ambako zaidi ya nusu ya wasio na kazi wamekaa hivyo mwaka mmoja na zaidi, watafiti Martin Abel, Rulof Burger na Patrizio Piraino walijaribu kitu cha bei nafuu mno: barua kutoka kwa mwajiri wa zamani. Maombi yaliyoambatanishwa na barua hiyo yaliitwa kwa asilimia 60 zaidi, na waliofaidika hasa ni wanawake. Walipowahimiza watafuta kazi halisi waende wakaombe barua hizo na kuzitumia, kiwango cha wanawake walioajiriwa kiliongezeka mara mbili. Karatasi moja.

Na Uganda, majirani zetu, walilinganisha njia mbili za kumpa kijana ujuzi: kumpeleka chuo cha ufundi, au kumweka moja kwa moja kwenye karakana ajifunze kazini. Njia zote mbili zilifundisha. Tofauti ilijitokeza baadaye, kazi ya kwanza ilipokwisha. Aliyetoka chuo alikuwa na cheti ambacho fundi mwingine yeyote anaweza kukisoma, akarudi kazini haraka. Aliyejifunza karakana alikuwa na ujuzi uliofahamika kwa bosi wake mmoja tu. Akitoka pale, anaanza upya kujieleza. Mnaona? Kufundishwa walifundishwa wote. Urefu wa kukaa bila kazi ukaamuliwa na nani mwingine anaweza kuthibitisha.

Nayasema haya kwa sababu zana tunazo na hatuzitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Inyosheni mikono, ni wangapi humu mliowahi kuacha kazi mkapewa cheti hicho bila kukiomba? Naona mikono michache, na mmoja ni wa afisa utumishi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi uashi, mpishi au dereva aliyejifunza mtaani anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Ni utaratibu mzuri na mafundi wengi wa mji huu hawajausikia. Kijana anaacha kazi ya miaka minne kwenye gereji akiwa na mikono ya dhahabu na hana hata karatasi moja, halafu sisi tunasema soko limemkataa.

Gharama ya kutafuta nisiipite kimya, ingawa nyinyi mnaijua kuliko mimi. Bando la kufungua matangazo, kudurufu vyeti na kuvithibitisha kwa wakili, nauli ya kwenda Dodoma, malazi ya usiku kabla ya usaili. Kupeleka usaili wa mchujo mikoani, kama ilivyofanyika kwa kada kadhaa miaka ya karibuni, kumepunguza mzigo. Asiye na nauli huwa haombi, na asiyeomba husemwa hataki kazi.

Kwa dada zetu kuna gharama ya ziada ambayo kwenye mikutano huwa tunaizunguka. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na bado ipo. Binti anayekataa anarudi kwenye foleni na miezi yake inaendelea kuhesabiwa, wala hakuna fomu ya takwimu yenye kisanduku cha sababu hiyo. Ongezeni malezi ya mtoto, ongezeni kwamba kazi ya zamu ya usiku inahitaji usafiri salama wa kurudi. Ukikutana na mwanamke aliyekaa miaka minne bila ajira, usimhesabie kama ulivyomhesabia kaka yake.

Vipi fedha za nyumbani? Hapa kuna imani kwamba ukimsaidia mtu asiye na kazi, unamrefushia ukaaji. Ina ukweli ndani yake. Nchi zenye mafao ya kukosa ajira zimeona watu wakikaa muda mrefu kidogo mafao yanapoongezwa. Lakini mchumi Raj Chetty alionyesha kwamba kwa Marekani sehemu kubwa ya ongezeko hilo, kama asilimia 60, inatokana na mtu kuwa na fedha ya kula, kwa hiyo halazimiki kuikamata kazi ya kwanza isiyomfaa. Kule Austria ilionekana kwamba watu wengi hutoka kwenye daftari la wasio na kazi wiki ile mafao yanapokwisha. Walipofuatiliwa, wengi walikuwa wametoka kwenye daftari tu. Kazini hawakuingia.

Hapa kwetu, tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, kuna fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara, kwa miezi isiyozidi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Wengi mnalijua kwa hasira, kwa sababu mlitaka lile la kujitoa, la kuchukua michango yenu mkiacha kazi. Sitaufungua mjadala huo leo, hatutatoka humu. Ninachotaka mkione ni kwamba mhitimu anayetafuta kazi ya kwanza hajachangia chochote, kwa hiyo halimhusu kabisa. Mfuko wake wa kukosa ajira ni mama yake.

Na hilo linaleta jambo la ajabu kidogo. Maskini kabisa hawezi kumudu kukosa kazi. Mtoto wa mkulima aliyeshuka kutoka Matombo asipopata kazi wiki hii atabeba zege wiki ijayo, na kwenye hesabu ataandikwa ana kazi. Mtoto wa mwalimu mkuu mstaafu atasubiri. Ndiyo maana katika nchi kama zetu waliosoma huonekana wengi kwenye orodha ya wasio na kazi. Kwa hiyo muda mfupi bila kazi si lazima uwe habari njema. Wakati mwingine ni njaa imefanya uamuzi. Yule mbeba zege anaweza kuwa fundi umeme mzuri ambaye hakupata miezi miwili ya kutafuta.

Wazee wa Morogoro, hili linalofuata ni lenu zaidi. Mnakumbuka viwanda vya mji huu vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980: cha ngozi, cha viatu, cha turubai. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kuzalisha hata sehemu ndogo ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kuachishwa kazi peke yako ni jambo moja. Kuachishwa kazi mtaa mzima kwa msimu mmoja ni jambo jingine: kila mnayeshindana naye ni jirani yako mwenye ujuzi ule ule, na ukifungua genge, wateja wako ni hao hao waliokosa mshahara.

Jambo hili lilichunguzwa kwa kina kwenye kijiji cha Marienthal karibu na Vienna, ambako kiwanda cha nguo kilifungwa kuanzia mwaka 1929. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda huko wakidhani pengine watu watatumia muda wao kusoma na kufanya siasa. Walikuta kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, na ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Walipima hata mwendo wa watu barabarani: wanaume walikuwa wakitembea polepole na kusimama njiani kila mara. Wanawake walikwenda haraka, maana kazi za nyumbani hazikufungwa. Nikipita mchana mitaa fulani ya hapa mjini huwakumbuka.

Uganda tena, kikundi kingine cha watafiti kilifuatilia kwa miaka sita mafundi vijana waliokutanishwa na waajiri. Waliotarajia kupigiwa simu na hawakupigiwa walishusha matumaini, wakatafuta kwa nguvu ndogo, wakaishia kwenye kazi duni kuliko wenzao ambao hawakukutanishwa na mtu. Ndiyo maana nina wasiwasi na maonyesho ya ajira ya siku moja, yenye turubai na wasanii. Mkimkusanyia kijana waajiri kumi na asijibiwe na hata mmoja, mmemfundisha somo ambalo hamkukusudia.

Kwenu vijana, nina moja tu, maana ushauri mnapewa mwingi. Kwenye utafiti uliochapishwa miaka ya 1970, Mark Granovetter aliwauliza watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu, ni nani aliyewaunganisha. Wachache sana, kama mmoja kati ya sita, walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na wanaoonana nao mara moja moja, au kwa nadra. Rafiki yako wa kila siku anasikia unachosikia. Kundi lenu la WhatsApp la darasa linasambaziana tangazo lile lile mara nane. Mwaka wa pili mtaani mtu huanza kuwakwepa wanaofanya kazi, kwa aibu, anabaki na walio kama yeye. Naielewa aibu hiyo, lakini inakata ile nyuzi nyembamba ambayo habari hupitia. Msalimieni yule mliyekuwa naye field. Mwalimu wa sekondari pia.

Sikuja kuwaambia mjiajiri. Anayelisema hilo kwa mtu asiye na mtaji wala mteja mara nyingi ana mshahara.

Waajiri, naomba vitatu na nitakaa chini. Andikeni cheti cha utumishi kwa kila anayeondoka, mkiongeza mistari miwili ya alichokuwa anakifanya na alivyokifanya, mkiweka na namba ya ofisi inayopokelewa. Futeni ile miaka mitatu kwenye nafasi za kuanzia, muwape waombaji jaribio la kazi la saa moja. Na mjibuni mtu, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, kwamba hakuchaguliwa, ili asikae miezi miwili akilinda simu.

Nakala za mfano wa cheti cha utumishi zipo mezani kwa katibu, pale mlangoni, pamoja na utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi. Zimedurufiwa chache, kwa hiyo wenye simu wapige picha wawaachie wazee karatasi. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na akina dada.